Chumvi Mbili Mbele ya Darasa

Nilipohamishwa kutoka Arua kwenda kufundisha kemia Koboko, mkuu wa idara alinichukia kabla sijafungua begi. Nafasi yangu alikuwa ameitaka kwa ajili ya mpwa wake. Nami sikumpenda tangu siku ile.

Asubuhi moja niliandaa chumvi mbili maabara mbele ya wanafunzi, zote zina chuma ndani. Ya kwanza ilikuwa chumvi maradufu: chumvi mbili zilizoganda pamoja kuwa fuwele moja. Ukiitia majini inavunjika yote, kila chembe inakwenda kivyake. Ya pili ilikuwa kompleksi. Hiyo hata majini chuma chake hubaki kimeshikwa na sianidi zinazokizunguka, na kipimo cha kawaida hakikipati.

Mkuu wa idara, mzee yule, akaingia bila hodi.

"Madamu, hii yote iko chumvi tu. Wewe napoteza watoto."

"Subiri uone, mwalimu."

Nikadondosha sodiamu hidroksaidi, dawa ya kupimia chuma, kwenye mrija wenye maji ya chumvi ya kwanza. Mashapo ya kijani kichafu yakatokea papo hapo. Nikadondosha kwenye wa pili. Maji yake yakabaki vilevile, manjano, safi.

"Dawa yako imekufa," akasema.

Wanafunzi wakacheka. Walinicheka mimi.

"Ni chupa ileile!" Nikamsogezea chupa. "Jaribu mwenyewe."

Hakuigusa. Aliitazama ile mirija, akauchukua ufunguo wa maabara uliokuwa mezani, akautia mfukoni na kutoka.

Sikuuona tena ufunguo huo. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, naye akaniambia, "Yule mzee umemkuta hapa. Vumilia." Basi nikafundisha kompleksi kwa chaki, nikichora mashapo ambayo wanafunzi hawatayaona, huku yeye akipita dirishani na kukohoa kwa makusudi. Nikiingia chumba cha walimu, yeye na wenzake walihamia lugha ya Kinubi, wakijua mimi ni Mlugbara wa Dadamu, kule Arua, na sisikii neno.

Muhula ulipokwisha niliomba kurudi Arua. Siku ya kuondoka nilimkuta getini. Nikampa mkono, kwa adabu tu.

"Salimia watu wa Arua," akasema. Mikono yake haikutoka mfukoni.

Nikapanda boda kwenda kituo cha magari. Njia nzima nilimtukana mzee yule kwa Kilugbara, kwa sauti, mpaka mwenye boda akageuka kuniuliza kama nina homa.