Siku mtani wangu alipoondoka na fyuzi nikiwa juu ya nguzo

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu nimeona nijibu kabisa. Mjukuu ndiye kanifungulia akaunti. Ninayoleta hapa yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Nimesoma mnavyobishana humu kuhusu safety za mafundi umeme, nikacheka. Sisi enzi za Mwingereza pale Tabora hatukuwa na kofia ngumu. Safety yetu ilikuwa fyuzi mfukoni.

Kabla hujapanda nguzo, unang'oa fyuzi ya laini ile kwenye kibanda cha swichi, unapanda nayo. Ukishuka unairudisha kwa mzee wa kibandani. Hakuulizi kitu. Akiona fyuzi anajua fundi yuko chini, anawasha.

Mwenzangu alikuwa Kibwana, Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Mnaoujua utani wetu, wa tangu babu zetu wakienda na misafara pwani, mnaelewa kwamba kazini hapakuwa na amani. Leo kanifichia viatu, kesho nimemlia ugali wake, na kununa ni marufuku.

Basi asubuhi moja tuko njia ya Kitete, jua kali. Nikavua koti, nikalitundika chini kwenye nguzo, nikapanda. Fyuzi nimeisahau ndani ya koti! Ujinga wangu huo, simsingizii mtu.

Kibwana akalichukua.

"Babu yako alibeba mizigo ya babu yangu, leo nakubebea!"

Huyo, akaenda kunywa chai. Nikacheka, nikaendelea na waya, mikono mitupu, naimba.

Mgahawa ulikuwa jirani na kibanda cha swichi. Mzee alipoona koti langu akadhani nimeshashuka. Akapapasa mfuko, akaitoa fyuzi, akageuka kwenda kuirudisha.

Wakuu, kilichoniokoa ni utani ule ule. Kibwana alimpokonya.

"Haitoki hiyo! Mateka huyu, mpaka Mnyamwezi mwenyewe aje anipigie magoti."

"Kwani hajashuka?"

"Ashuke wapi? Yuko juu anaimba."

Mzee akakaa chini pale pale. Ndipo Kibwana akaelewa.

Nikamwona anakuja mbio, koti kifuani. Nikamtukana toka juu, tusi zuri kabisa la utani. Hakujibu. Hapo nikaogopa, maana mtani asipojibu tusi ujue kuna msiba. Nikashuka. Akanieleza huku analia. Nilitaka kumpiga, nikaishia kumnyang'anya koti langu. Tukakaa chini, halafu tukacheka mpaka wapita njia wakatushangaa.

Kwa Mzungu, bosi wetu, hatukusema. Kibwana nilimtoza jogoo, faini ya utani. Na tangu siku ile, kila tulipong'oa fyuzi, alinifungia shingoni mwenyewe kwa kamba, akivuta fundo mara mbili.

Miaka mingi baadaye alifariki, kule Itetemia alikojenga. Nilifika msibani nikalala mlangoni, jeneza lisipite mpaka nilipwe. Mtani ana haki hiyo. Wanawe wakauliza nataka nini.

Nikasema, koti lake.

Wakaleta. Nilivyocheka pale chini, na nilivyolia, hata sijui kipi kilitangulia.

Nimelivaa sasa hivi, asubuhi hii kuna kibaridi.

Funzo langu: kinacholinda uhai wako kifunge mwilini, usikiache kwenye nguo unayoweza kuvua. Mafundi wa leo, fyuzi yako ukiwa juu anaishika nani? Semeni hapa. Na wenye matusi pia karibuni, ila Wazaramo watangulie.