Unyayo Bapa Nyuma ya Ghala

Flavian wa Mpui, jamani, alishuku hata salamu. Ukimuuliza habari za asubuhi, anajiuliza umeamka na nini. Serikali iliporuhusu kila mtu auze mahindi anakotaka, akanunua baiskeli, akawa anasomba magunia hadi soko la Majengo, mjini. Nyumba nzima ilikula kwa miguu yake miwili.

Jirani yake alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Asubuhi moja Flavian akakuta nyuma ya ghala unyayo wa mtu, bapa kama chapati, hauna upinde hata kidogo.

"Mtu wa kawaida hakanyagi hivi," akamwambia mkewe, Luciana. "Huyu kaja kunitegea dawa."

Wiki hiyohiyo baiskeli ikateleza, gunia likamwangukia mguu ukiwa umekunjwa, vidole chini, kisigino juu. Wa kwanza kumfikia alikuwa Masanja.

"Pole, jirani. Ukivua kiatu ukakuta damu imevilia chini ya unyayo, usiukanyagie kabisa. Nenda hospitali."

Nyumbani akavua. Damu hiyo hapo, katikati ya unyayo, nyeusi tii!

"Amejuaje?" Flavian alifoka. "Si nilikuwa nimevaa kiatu? Aliyeiweka ndiye anayeijua! Kasema nisikanyage, basi nitakanyaga!"

Akakanyaga kweli, wiki saba, amekaza meno, akipita makusudi mbele ya boma la Masanja ili aonekane mzima. Ubishi gani huo! Luciana alilia mpaka mumewe akakubali kwenda hospitali mjini.

Daktari akambonyeza katikati ya mguu. "Hapa mifupa mirefu ya vidole inaungana na midogo inayobeba upinde. Kano zilizoifunga zilikatika. Ungewahi, tungeirudisha tukakufunga plasta. Sasa imehama, upinde umelala. Baiskeli ya mizigo, sahau."

Masanja alikuja kumpa pole. Akavua katambuga, akanyoosha mguu wake: bapa.

"Wangu uliumia hivihivi, nikilima kwa ng'ombe. Nikasema shemeji kaniroga, nikakataa hospitali. Siku ile ndama alipoingia nyuma ya ghala lako, nilimfuata pekupeku, nikichechemea."

Flavian aliona aibu, akamsogezea kigoda.

Kesho yake alfajiri mvua ilikuwa imelowesha uwanja. Luciana alitoka na ufagio, akaganda.

"Baba Edith!" akaita kwa hofu. "Ule unyayo umerudi!"

Flavian alikuwa amekaa kizingitini, miguu ina tope.

"Ni wangu," akasema.