Bilauri ya Meneja

Juzi nilikwenda ofisi ya shamba la mkonge, Kilosa, kurudisha ufunguo wa nyumba ya marehemu mke wangu, aliyekuwa muuguzi wao. Nilimkuta meneja akifuta ukurasa katika ripoti ya binti wa Chuo Kikuu anayesomea biashara, aliyeletwa pale kwa mafunzo na sasa ameketi mbele yake. Ulihusu maji machafu ya kiwanda yanayomwagwa mtoni.

"Umetumwa kusoma biashara, binti. Mto wa nini?"

"Watu wako wanakunywa humo, Ndugu Meneja."

Akammiminia maji, atulie. Binti akaitazama bilauri. "Ni ya mtoni?"

"Ala! Yale hayanyweki. Haya tunaletewa na lori toka mjini."

Binti akayaandika maneno hayo chini ya ukurasa uliofutwa.

Shamba ni la taifa siku hizi, wasomaji, lakini lori linajua mlango mmoja tu. Mke wangu alikunywa ya mtoni miaka sita, na hakuna aliyemwambia kwamba hayanyweki.