Historia Iliyoliwa na Mchwa

Barafu niliyowahi kuishika kwa mkono wangu ni ile ya kutia kwenye sharubati, na hiyo nayo iliyeyuka kabla sijaamua kama naipenda. Lakini niulize habari za timu moja ya Ufini inayocheza mpira wa magongo juu ya ziwa lililoganda. Nitakueleza tangu siku ilipoanzishwa na wapasua mbao saba mpaka siku ilipoanza kuwalipa wachezaji wake mshahara. Sijisifu. Elimu hiyo niliipata kwa aibu, na nusura inifukuzishe kazi.

Ilikuwa Kibaha, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa nafanya kazi kwenye mabanda ya kuku, katika kituo kikubwa kilichojengwa kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Bwana mkubwa wa kuku alikuwa Mfini, mrefu, mwekundu kwa jua, mpole kupita kiasi. Kuku wake walikuwa wasemaji kuliko yeye. Chumba cha mayai tulikuwa wanawake wawili: mimi Mzaramo wa Marui kule Kisarawe, na mwenzangu Mnyamwezi wa Tabora aliyemfuata mumewe kazini. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo asubuhi salamu ya kwanza ilikuwa tusi, ya pili ndiyo habari za nyumbani. Mgeni akitusikia alidhani tutashikana nywele. Kumbe nikiugua ndiye aliyeniletea supu.

Yule Mfini alikuwa na jambo moja tu lililomfungua kinywa, nalo ni timu ya kwao. Kabla ya kuja Tanzania alikuwa katibu wake. Alipofunga safari wazee wa timu walimkabidhi sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na daftari la mikutano ya kwanza kabisa, na barua walizoandika waanzilishi kabla hawajafa, kila mmoja akieleza aliyoyaona. Wakamwambia, huko Afrika jioni ni ndefu, kaa uandike historia yetu iwe kitabu. Kati ya wale wapasua mbao saba alikuwa amebaki mmoja tu hai, aliyekuwa golikipa wao. Mzee sana, mgonjwa, mkono haushiki tena kalamu. Kitabu kilitakiwa kimkute yupo. Mfini aliahidi, na kwa yule bwana ahadi ilikuwa ahadi.

Basi kila alasiri, sisi tukipanga mayai kwa ukubwa, yeye alikaa juu ya kreti, akisoma barua kwa lugha yao, kisha akitusimulia kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyojua kwamba huko kwao maji yanakuwa magumu hadi watu wanapitisha mikokoteni ya magogo juu yake. Mwenzangu alikataa katakata.

"Bwana, unataka kuniambia hata mto Ruvu ungeganda?"

"Kwa baridi ya kwetu, ndiyo."

"Na viboko je?"

Mfini alifikiri kwa makini kabisa, maana alikuwa hajui kutaniwa, akasema viboko wangekuwa na shida kubwa. Tulicheka mpaka mayai mawili yakavunjika.

Akatueleza viatu vyenye visu chini yake, na fimbo yenye kisigino, na kile kidude wanachokigombania, kidogo, cheusi, kigumu. Mimi nilikiita kitumbua kilichoungua, na hata yeye akaishia kukiita kitumbua. Akatueleza jezi za kwanza zilivyoshonwa na wake zao kwa mashuka ya zamani, yakatiwa rangi kwenye sufuria moja, kila jezi ikatoka na wekundu wake. Alipofika kwenye mambo ya mishahara, kwamba siku hizi wachezaji hawapasui tena mbao, kazi yao ni kucheza tu, mwenzangu aliweka yai chini.

"Mtu mzima, ana ndevu, analipwa kukimbiza kitumbua? Na sisi tunaambiwa Uhuru na Kazi!"

Mimi niliipenda timu ile toka siku ya kwanza. Na mwenzangu, kwa kuwa mimi naipenda, akachagua wapinzani wao, timu ya mji wa ng'ambo ya ziwa. Ni haki yake, ndiyo kazi ya mtani. Timu yangu ikishinda mwaka fulani wa zamani hata hatujazaliwa, nilipiga vigelegele. Ikifungwa, Mnyamwezi yule alifunga kanga kichwani kama mfiwa, akaingia chumba cha mayai akilia kwa sauti: "Oooh, Mzaramo wangu, tumezika lini, mbona hukunipa habari?" Mfini alikuwa akitutazama kama anatazama sinema.

Masika ya mwaka ule paa la nyumba yake lilivuja. Naye alitakiwa kwenda Kibuta wiki tatu kuwafundisha wanakijiji ufugaji wa kuku wa kisasa. Akaleta sanduku chumba cha mayai, mahali pakavu, akaniita mimi.

"Mama, naomba likae juu ya meza. Siyo chini."

"Hewala, bwana. Juu ya meza."

Kweli nililiweka juu ya meza. Kisha kuku wakataga kama wametumwa, treni nzima ya trei za mayai ikatafuta pa kukaa, nami nikaliteremsha sanduku chini, pembeni ya ukuta, nikasema nitalipandisha kesho. Hiyo kesho unaijua wewe mwenyewe.

Aliporudi kutoka Kibuta nikalibeba sanduku kwa mikono miwili. Nilishangaa lilivyo jepesi. Lilipofunguliwa, daftari lilikuwa limebaki jalada, na ndani ya jalada udongo. Barua zimekuwa vumbi na vijia vya mchwa. Wao wenyewe walikuwa bado wamo, wananitembelea mikononi bila haya.

Nilitamani ardhi inimeze. Laiti angenitukana! Nimezoea kutukanwa, ningejibu. Yeye aliangalia ndani, akafunga kifuniko taratibu, akaenda kusimama katikati ya banda, kuku wakimdonoa kamba za viatu. Nilimwona mabega yake yamelegea. Nikaanza kukunja kanga zangu nirudi Marui, maana uso wa kumtazama sikuwa nao.

"Unakwenda wapi?" mwenzangu akauliza.

"Kwetu. Si unaona nilichokifanya? Yule mzee atakufa bila kitabu, na mimi ndiye niliyewalisha mchwa."

"Wazaramo bwana! Wenzenu wanafuga kuku, nyie mnafuga mchwa." Halafu akakunja uso. "Lakini ngoja kwanza. Mbona hiyo historia tunayo?"

"Tunayo wapi?"

Akajigonga kichwa na kidole. Kisha akatoka hadi bandani, mimi nyuma yake, akasimama mbele ya Mfini, mikono kiunoni, akaanza: walikuwa wapasua mbao saba, mwenye kiwanda akawakataza kucheza uani kwake kwa kuwa walivunja dirisha, wakahamia ziwani. Mechi ya kwanza walifungwa tisa bila. Aliitamka hiyo tisa bila kwa raha zake zote.

"Tisa, lakini walicheza watu watano tu!" nikadakia. "Wawili walikuwa zamu kiwandani!"

Mfini akainua kichwa. Akatuangalia, mwenzangu, mimi, mwenzangu tena. Akatia mkono mfukoni akatoa kalamu.

Tuliifanya kazi ile kwa wiki sita, kila alasiri. Na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa utani. Mimi nilikumbuka kila ushindi, nani alifunga, nani alibebwa juu juu. Vipigo nilikuwa nimevisahau vyote, moyo haukutaka kuviweka. Mnyamwezi alivikumbuka kimoja kimoja, na jina la baba wa aliyekosa. Nikisema walishinda, yeye anasema ndiyo, lakini wiki iliyofuata walizama pamoja na goli lao, barafu ilipokatika. Tukabishana, Mfini akaandika, na yale aliyokuwa nayo kichwani akayapachika. Vita vilipoingia na timu ikakaa bila kucheza, tuliongea polepole sote watatu.

Ikabaki mechi moja tu, kubwa kuliko zote, ile iliyowapandisha daraja, dhidi ya wale wa ng'ambo ya ziwa. Sote tulikumbuka kwamba ilisimama katikati, na aliyeisimamisha ni golikipa. Kwa nini? Mfini hakukumbuka, sababu ilikuwemo kwenye barua ya rafiki wa golikipa, na barua ilikuwa tumboni mwa mchwa.

"Mimi nisiulizwe," mwenzangu akasema. "Siku hiyo timu yangu ilifungwa, nilikuwa sisikilizi."

Wakanigeukia mimi. Kalamu iko juu ya karatasi inangoja. Mkataba wa Mfini ulikuwa umebakiza siku nne. Ningesema sijui, angeacha pengo, na pengo lile lingekuwa langu. Ulimi hauna mfupa, jamani. Nikajisikia nasema:

"Mama yake alikuja na uji."

"Uji?"

"Golikipa alitoka nyumbani hajala. Mama yake akamfuata na bakuli la uji, akakatiza barafu mpaka golini, akawaambia wote: hapiti mtu hapa mpaka mwanangu ale. Mechi ikasimama. Akala. Wakaendelea, wakashinda."

Mfini aliandika huku anatabasamu, akasema sasa kama anaanza kukumbuka. Mimi nikayainamia mayai yangu. Kwa sababu mama yule hakuwa wa Ufini. Alikuwa mama yangu mzazi, na barafu ilikuwa uwanja wa vumbi wa Marui, na golikipa kaka yangu mkubwa, aliyetamani kufa kwa aibu siku ile. Niliyaona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Tena kulikuwa na zaidi: mama alipompa uji hakuondoka, alisimama kando ya mlingoti wa goli akingojea bakuli lake, la bati, lenye maua, hadi alipolipata. Hiyo ya bakuli sikuisema. Uongo wangu niliona umetosha.

Siku zote nne nilitaka kuungama. Asubuhi ninajiambia leo, jioni ninajiambia kesho, kesho ileile ya sanduku. Mfini akaaga, akatupa mkono, mimi nikampa trei ya mayai asiyoweza kupanda nayo ndege. Akaondoka na mama yangu ndani ya mkoba wake. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, nami nikakaa kusubiri nifike mwisho wake. Nilikuwa nawaza: yule mzee yu hai, ndiye mwenye mechi, atakisoma kitabu, atasema mwongo huyu ni nani?

Ilipita miaka miwili hivi, kikaja kifurushi. Kitabu chenye jalada jekundu, na barua ya Kiswahili. Wakati huo nilikuwa nimepita darasa la elimu ya watu wazima, kwa hiyo nilisoma mwenyewe, kwa sauti, mwenzangu akisikiliza na yai mkononi.

"Mama wawili wa mayai, shikamooni. Kitabu kimetoka na mzee golikipa yupo. Macho yake hayaoni sasa, basi nilimsomea mimi, siku mbili. Nilifika kwenye uji, akainua mkono, nikaacha kusoma. Halafu alisema, ni kweli, mama alikuja, nilikuwa nimesahau. Alisimama pale karibu na goli akingojea bakuli lake. Sasa kila Jumapili anataka nimsomee ukurasa ule."

Nikakaa kwenye kreti. Hapo ndipo nilipomweleza mwenzangu yote, uwanja wa Marui na kaka na uongo wangu. Nilitegemea ataniumbua kwa mwezi mzima. Alicheka, ni kweli, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho kwa pembe ya kanga, akasema, "Lisemwalo lipo, mtani. Kama halipo, laja."

"Lakini bakuli, mwenzangu! Bakuli sikulisema!"

Kwa hilo akarudi kwenye mayai yake bila hata tusi moja, na Mnyamwezi kuacha kutukana ni jambo la kuandikiwa kitabu chake.

Jumamosi nikaenda Marui. Nilimkuta mama uani anachambua kunde, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: sanduku, mchwa, mzee kipofu wa Ufini anayesomewa uji kila Jumapili. Hakushangaa hata kidogo kwamba ameingia kwenye kitabu cha wazungu. Alichouliza ni kama yule kijana aliumaliza uji wake.

"Aliumaliza, mama. Lakini mimi mwili unanisisimka. Habari ya kungojea bakuli sikumwambia mtu. Yule mzee ameijuaje?"

Mama akapuliza maganda kwenye ungo, akaniangalia jinsi unavyomwangalia mtoto aliyeuliza swali la kitoto.

"Mwanangu," akasema, "kwani wewe unadhani mama yake alikuwa na mabakuli mangapi?"