Ng'ombe wa Baba Zake

Siku Jethro Nyasani alipopewa koti jeupe na buti za mpira, alijitazama kwenye kioo cha Land Rover mpaka dereva akamwuliza kama anataka kujioa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ametoka chuo cha mifugo na cheti chake, Kiingereza chake, na kazi ambayo wenzake wengi walikuwa wakiililia: kupandisha ng'ombe bila dume, kwa mbegu ya madume ya gredi, yale ya kizungu, iliyokuja ndani ya chupa kubwa yenye moshi wa baridi. Serikali ilitaka kila mkulima mdogo awe na ng'ombe wa maziwa. Mwaka ulikuwa 1971, na wakubwa wa ofisi pale Kisii mjini, baada ya kufikiri sana, waliamua kumfanyia hisani. Wakampeleka kwao, Manga.

"Kijana wa hapo hapo," walisema. "Anajua njia, anajua lugha, watu watamwamini."

Wakubwa hao hawakuwa Wagusii, wenyeji wa huko. Mgusii yeyote angewaambia, kama wangemwuliza. Kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni soni, lakini ni soni yenye sheria: baba na mwana hawatajiani mambo ya kitandani, wala hawayatazami pamoja, hata yakiwa ya mnyama. Na baba si yule aliyekuzaa peke yake. Kila mwanamume wa ukoo aliye wa kizazi chake ni baba yako, na mke wake ni mama yako. Sasa mweke kijana wa ukoo huo kando ya barabara, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, halafu waite baba zake wote waje washike kamba.

Walikuja, kwa sababu maziwa waliyataka. Kila mzee alimfunga ng'ombe wake kwenye kizimba cha miti, hakusalimu, akaenda kusimama nyuma ya ua, mgongo kwa barabara, mpaka mngurumo wa Land Rover upotee bondeni. Jethro aliyekuwa akitumwa na wazee hao hao kuchota maji, aliyekula nyumbani kwao, sasa walimpita kama mti.

Hata hilo angelivumilia. Kilichommaliza ni swali moja. Ng'ombe akianza kutaka dume, mbegu ina saa yake. Ukiwahi umepoteza, ukichelewa umepoteza. Lazima mwenye ng'ombe aseme alianza lini. Ndilo swali la kwanza alilofundishwa chuoni, na huko kwao hapakuwa na mtu wa kulijibu. Wiki ya kwanza alimwuliza mzee Ombui, aliyemfundisha nyimbo za kanisa la Sabato akiwa mdogo. Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe, akafungua kamba, akaondoka na ng'ombe wake. Jethro hakuuliza tena. Akawa anakisia.

Kukisia hakuleti ndama. Ng'ombe waliopandishwa walirudi kulia vilevile, na Manga nzima ikasema mbegu ya serikali ni maji. Na usidhani wazee wangeweza kuwatuma vijana wao waje kusema. Kumtuma mwanao ni kumwambia mwanao habari ile ile. Vijana wenyewe, wale ambao hawakuwa wamekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, walimpa Jethro jina la Dume la Serikali. Walilitamka kwa adabu kabisa, kama cheo.

Kila mwisho wa mwezi mkubwa wake alimwita Kisii. "Mwenzako wa Keumbu anapata ndama. Wewe unafanya nini huko?" Jethro aliomba ahamishwe, Keumbu au popote ambapo yeye si mtoto wa mtu. Alipoulizwa sababu alianza kueleza kwa Kiingereza, akasikia maneno yake mwenyewe yakiwa ya kitoto, akaishia hapo. Mkubwa akaandika kwamba kijana huyu ni mvivu.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Baba yake, mzee Ratemo, alikuwa ameuza migomba mingi kumsomesha, na kabla ya kazi hii walikuwa watu wa kuzungumza. Sasa walisalimiana juu ya mvua na majani ya chai, basi. Mzee hakumkasirikia, angemkasirikia ingekuwa nafuu. Alimstahi tu, na heshima ile ikawa ukuta. Jioni Jethro aliosha koti lake nyuma ya kibanda chake, akalianika mahali ambapo mama yake hangeliona, akala ugali wake peke yake. Alikuwa amezungukwa na watu wake wote na hakuna aliyemwuliza siku ilikuwaje. Dereva Aden, mtu wa Kisii mjini asiye Mgusii, ndiye peke yake aliyeongea naye mchana kutwa, na Aden alikuwa akimaliza kazi anarudi mjini kwa mke wake Batuli.

Mwaka wa pili Jethro akaamua kuacha. Angekwenda Nairobi akawe karani, chochote. Alipita kwa bibi yake, Nyanchama, mama wa baba yake, kumuaga.

"Unakwenda wapi, mume wangu?" bibi akauliza. Huko bibi humwita mjukuu mume, na mjukuu anapaswa kujibu kwa ufidhuli. Jethro alikaa chini akaanza kulia, mtu mzima, na kila kitu kikamtoka: kizimba, migongo ya wazee, swali lisilo na jibu.

Nyanchama alisikiliza kidogo, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo shida yako yote ni kujua ng'ombe alianza lini kutaka mume? Na mimi niko hapa? Mimi na wewe tuna chinsoni gani?"

"Magokoro, bibi yangu, niliona aibu. Nilijua utanicheka."

"Si ninakucheka? Umekufa?"

Kweli, hakufa. Kati ya bibi na mjukuu hakuna la kufichana. Yale ambayo baba hawezi kuyasikia, bibi huyasema kwa sauti na kuongeza chumvi. Jethro alilijua hilo tangu kuzaliwa. Kiburi cha koti jeupe ndicho kilichomzuia kwenda kuchekwa.

Kesho yake bibi alimfungua ng'ombe wa Ratemo bila kumwomba mtu, maana masikio alikuwa nayo, na ng'ombe akilia hahitaji mkalimani. Alifika kizimbani akipiga kelele. "Huyu amewapanda wenzake tangu jana mchana! Hana haya hata kidogo! Fanya upesi, mume wangu, kabla hajakupanda wewe!" Aden alicheka akaegemea mlango wa gari. Nyuma ya ua wazee wawili walijikaza, wakasogea mbali zaidi.

Wiki iliyofuata alikuja na vikongwe wengine wawili wa ukoo, nao bibi zake Jethro, kila mmoja na kamba mkononi. Hakuna mwenye ng'ombe aliyewatuma na hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi. Miezi tisa baadaye ndama wakaanza kuzaliwa, wenye mabaka meusi na meupe. Mkubwa wa Kisii alisema ameona siku zote kwamba kijana huyu ana bidii.

Kazi ikanyooka hivyo, lakini upweke ulibaki pale pale. Ndama walijaa boma la baba yake, na mzee Ratemo aliwasifu kwa wageni kana kwamba walishuka wenyewe kutoka mbinguni. Jethro aliketi akisikiliza, akanywa chai yenye maziwa yale, na alitamani, kwa uchungu, baba yake ageuke aseme neno moja tu. Miaka ikapita hivyo.

Nyanchama alikufa mwaka wa 1976. Baada ya matanga Jethro alirudi kazini moyo ukiwa mtupu, kwa kuwa mtu aliyekuwa akimcheka hakuwapo tena. Vikongwe wengine waliendelea kuja, na ng'ombe wa Ratemo mmoja wao angemfungua tu, kama desturi ilivyokuwa.

Asubuhi moja ya ukungu Land Rover ilisimama na Jethro akamwona mtamba wa kwao kizimbani. Kamba ilikuwa mkononi mwa baba yake. Mzee alikuwa amemgeuzia mgongo, lakini hakwenda nyuma ya ua. Alisimama hapo hapo, karibu kiasi cha Jethro kusikia pumzi yake. Jethro alivaa koti. Hakuthubutu kumsalimu wala kumwuliza chochote, akaanza kazi yake.

Ndipo mzee aliposema, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuitumia na mwanawe hata siku moja:

"Wewe dereva."

"Naam, mzee," Aden akaitikia.

"Ambia daktari hii ng'ombe ilianza jana. Jioni, saa ya kukama."

Aden alimtazama Jethro, aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo na amesikia kila neno. Mara hii hakutania. Alilipeleka neno kama alivyotumwa. "Daktari, mzee anasema alianza jana jioni, saa ya kukama."

"Mwambie mzee," Jethro akasema, na ilimbidi aanze tena, "mwambie mzee amemleta kwa saa yake hasa."

"Mzee, daktari anasema umemleta kwa saa yake hasa."

"Ambia yeye asante," alisema Ratemo kwa ukungu uliokuwa mbele yake. "Ambia yeye, hata ile ingine yote, asante."

Aden akafungua mdomo alipeleke na hilo, lakini Jethro alitikisa kichwa. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya ng'ombe, wa pili umeshika mrija wa mbegu, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni. Akayaacha, akamaliza kazi.