Fundi Alisema Renzi

Mume wangu alirudi kutoka renji mchana, akaifungia bunduki kwenye sefu ya chumbani, kisha akaketi sebuleni bila kuvua kofia. Nikamwekea chai. Ikapoa. Ndipo akatoa mfukoni ile karatasi ya shabaha, akaikunjua mezani na kusema, "Bunduki imepinda."

Nikaiangalia ile karatasi. Alikuwa amepiga risasi tano. Matundu niliyaona matatu, moja juu kabisa pembeni, moja chini karibu na ukingo, moja ndani ya duara jeusi, na hilo nalo lilionekana kama limepotea njia.

"Na hizo zingine mbili?" nikamwuliza.

"Ziko kwa udongo huko nyuma."

Renji ni uwanja wa kulengea shabaha. Siku hizi wanaotoa vyeti wanataka mwenye bunduki aende huko aonyeshe kwamba bado anajua anachofanya. Kati ya risasi tano, tatu ziingie ndani ya lile duara. Mzee wangu alishindwa. Wakampa mwezi mmoja arudi mara ya pili. Akishindwa tena, bunduki inapelekwa kituoni, na ikishaingia huko hairudi.

Ni bunduki ya kuwinda, ingawa mimi sijaiona ikiwinda hata sungura. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaa mtoto wangu wa pili. Aliachiwa na mwenye shamba la kahawa alikokuwa mnyapara, kwa karatasi na kwa sheria, yule mwenye shamba alipozeeka akarudi kwao. Tangu hapo kazi yake ni kutoboa karatasi. Kila baada ya miezi miwili hivi mzee alikuwa akienda renji na wazee wenzake wenye kofia, akirudi na matundu yake yamekaa pamoja kama vifaranga, akinionyesha kama mtoto aliyepita mtihani.

Mimi sijawahi kuipenda. Nimelala nayo chumba kimoja zaidi ya miaka arobaini, kama mke mwenza ambaye hapiki wala haongei. Ningenyamaza tu wakaichukua. Nilifikiria hivyo, siwezi kudanganya. Lakini mtu aliyekwisha kuacha kahawa, akaacha ng'ombe, akaacha kuendesha gari, ukimtoa na hiyo pia unabaki na nini kwa nyumba? Unabaki na kofia. Nikaamua tutafute fundi.

Wa kwanza alijileta mwenyewe. Ni jirani yetu hapa Kamenu, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Habari ilimfikia sijui kwa mdomo wa nani. Huniita shosho, kama bibi yake.

"Shosho, leta hiyo kitu. Naibana kwa vaisi, naigonga mara mbili, imenyooka."

"Na polisi wakija kukuuliza umeitoa wapi, nani atakunyoosha wewe?"

"Lakini shosho, si ni chuma tu?"

"Na wewe ni nyama tu, lakini hatujakupeleka kwa buchari."

Akacheka akaenda zake. Bunduki haiazimwi kama jembe. Inabebwa na mwenye cheti, na inaguswa na fundi mwenye leseni, basi.

Binti yetu anayekaa Membley akasema, "Mami, ngoja nigugo." Akagugo kwenye intaneti. Akapata maduka ya Nairobi ambayo ukipiga simu unaambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, halafu unapigiwa muziki. Nilisikiliza muziki mpaka sikio likawa moto, nikakata.

Tulimpata kwa njia ya kanisa, kama tunavyopata kila kitu. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya alisema shemeji yake alikuwa fundi wa silaha serikalini mpaka akastaafu, na sasa anafanya kazi kwenye karakana ya duka moja lenye leseni huko Ruiru, nyumba yake iko Gatongora. "Huyo," akaniambia, "anaisikiliza bunduki kama daktari anavyosikiliza kifua."

Nikampigia kwa simu yangu ndogo ya tochi, mulika mwizi, mzee akiwa amekaa kando yangu anajifanya anasoma gazeti. Huyo fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza matundu yamekaa pamoja upande mmoja, au yametawanyika. Nikamwambia yametawanyika kama kuku waliomwona mwewe. Akaniuliza mzee ana miaka mingapi, na kama bunduki ina ile darubini ya juu. Nikamwambia haina, analenga kwa macho yake.

"Mama, mara nyingi bunduki ikiharibika inakosea mahali pamoja. Kutawanya ni kitu kingine. Kwanza badilisheni renzi. Mkishabadilisha, kama bado, mniletee."

"Tubadilishe renji?"

"Eeh, renzi. Hiyo kwanza."

Nikamgeukia mzee. "Anasema tubadilishe renji."

Gazeti likaanguka. "Nilisema! Si nilisema? Pale kuna upepo mbaya, unatoka upande wa mto. Huyo ni fundi kweli!"

Siku hiyo alikula vizuri. Akatafuta renji nyingine, mbali zaidi, ng'ambo ya Ruiru, wakampa nafasi ya kufanya mazoezi. Binti akaomba ruhusa kazini akampeleka. Mimi nilibaki nikipalilia maharagwe, nikijua jambo limekwisha.

Walirudi jioni. Binti aliingia kwanza, akanitikisia kichwa. Risasi tano, na karatasi ilirudi safi kama ilivyotoka dukani.

"Na upepo?" nikauliza.

"Hakukuwa na upepo," mzee akasema, akaingia chumbani.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Hakutaka tena kusikia habari za fundi. Alisema mtutu umechoka, umri wake umefika, hakuna wa kuutibu. Nilimwambia mgonjwa hazikwi kabla daktari hajamwona. Kesho yake binti akatupeleka Ruiru, bunduki ikiwa kwenye mfuko wake na cheti kikiwa kwenye koti la mzee.

Karakana iko nyuma ya duka, unapita mlango wa chuma na mlinzi. Fundi alikuwa mtu mfupi, aproni ya ngozi, miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Alisalimia kwa ufupi. Akafungua bunduki, akaingiza kidole kuhakikisha haina risasi, akaangalia tena, akampa mzee naye aangalie. Hapo nikamheshimu.

"Mlibadilisha renzi?"

"Tulibadilisha," mzee akasema. "Ikawa mbaya zaidi."

Fundi akainua uso. "Mbaya zaidi? Daktari alisemaje?"

"Daktari gani?"

"Aliyekubadilishia."

"Kule hakuna daktari. Kuna afande mmoja na kijana wa kubandika karatasi."

Fundi akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia binti yangu. "Mzee, mlienda wapi?"

"Renji. Ng'ambo ya Ruiru. Si ulisema tubadilishe renji?"

Yule fundi akaweka bunduki mezani polepole. Akavua miwani ya machoni, akaigonga kioo kwa ukucha, tik, tik. "Renzi! Renzi! Hii! Ya macho!"

Binti yangu aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Mimi sikucheka. Fundi ni mtu wa kwetu, wa Murang'a, alitaka kusema lenzi, na ulimi wa kwetu haujawahi kuelewana na hizo herufi mbili, l na r. Lori tunasema rori, rais tunasema lais, na tunaelewana miaka nenda miaka rudi. Mimi mwenyewe naimba "Bwana Asifiwe" lakini nikifika "haleluya" kwaya nzima inajua niko wapi. Kumbe siku moja hilo lingetupeleka ng'ambo ya Ruiru bure.

Mzee hakucheka pia. "Mimi naona," akasema. "Nina miwani." Akaitoa mfukoni.

Fundi akaipokea, akaiinua kwenye mwanga. "Hii ulipimiwa wapi?"

"Thika."

"Thika kwa hospitali?"

"Thika kwa… meza."

Ni kweli. Aliinunua karibu na soko, kwenye meza yenye miwani na mikanda na chaja za simu.

"Hii ni ya kusomea Zaburi," fundi akasema. "Ukiivaa renji unaona bunduki, shabaha huioni." Hakubishana zaidi. Akanyoosha kidole mlangoni, ng'ambo ya ua. "Pale kwa ukuta kuna nini?"

"Kalenda."

"Hiyo ni dirisha, mzee."

Hapo fundi akafanya jambo ambalo nalikumbuka kwa wema. Hakumwacha mzee hapo na aibu yake. Akageukia bunduki kana kwamba ndiyo kazi hasa. Akamulika ndani ya mtutu, akasugua humo kwa kitambaa na dawa mpaka kitambaa kikatoka na rangi ya kijani, akasema hiyo ni shaba ya risasi iliyoganda. Akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na mbao. Kilipita vizuri, kikakwama katikati.

"Umeona? Mbao imekunywa unyevu, ikavimba, inausukuma mtutu. Mtutu hautaki kuguswa hapa." Akakunja msasa kwenye kijiti, akakwangua kidogo, akapitisha karatasi, akakwangua tena. Alifanya hivyo karibu saa nzima bila haraka, mzee akiwa ameinama pale pale kando yake. Mwishowe karatasi ikapita mpaka mwisho. Akakaza skrubu, akafuta mafuta, akamrudishia.

"Sasa nikuambie ukweli. Mimi nimekutolea kosa la kidole kimoja." Akaonyesha upana wa kidole chake. "Wewe unakosea sahani nzima. Hiyo iliyobaki ni ya daktari."

Tukiwa garini tukapita Juja. Hapo mzee akasema, "Afadhali waichukue."

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Kama ni macho, nimekwisha. Waichukue tu."

Binti alitaka kumbembeleza. Nikamwambia aangalie barabara. Mimi kubembeleza sikufundishwa.

"Sikiliza, baba watoto. Umeiambia Kamenu yote bunduki imepinda. Umewaambia wazee wenzako, umemwambia mchungaji. Sasa imepatikana haikupinda. Unataka iende kituoni na jina baya ambalo si lake? Miaka yote hiyo imekukosea nini?"

Akatazama nje. Mashamba ya mananasi yakapita.

"Hiyo hospitali ya macho," akasema mwishowe, "inafunguliwa saa ngapi?"

Kesho yake tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alimpima muda mrefu. Alimwambia jicho moja limeanza kupata mtoto wa jicho, alirudishe baada ya miezi sita, lakini kwa sasa miwani itatosha. Mzee akamweleza shida yake hasa, bila kuficha. Yule msichana akamwambia anyooshe mikono kana kwamba ameshika bunduki, akapima kwa futi kutoka jichoni mpaka mahali ambapo kile kichuma cha mbele cha kulengea kingekuwa. Wagonjwa wengine walituangalia sana.

Miwani ilipokuja aliivaa akiwa sebuleni. Akaangalia dari, akaniambia kuna utando wa buibui. Akaangalia picha ya harusi yetu ukutani. Halafu akaniangalia mimi.

"Ngai! Kumbe umezeeka hivi?"

"Wewe ulidhani unalala na nani?"

Siku ya kurudi renji nilikwenda naye. Sikuwa nimewahi kukanyaga huko. Nilikaa nyuma ya mstari kwenye kiti cha plastiki, wakanipa vitu vya kuziba masikio, nikafunga mikono kifuani. Nilikuwa nimesali asubuhi, na ukweli ni kwamba nilisali apite, mimi niliyetaka ile bunduki itoke chumbani kwangu tangu nikiwa na meno yote.

Alilala chini polepole, goti kwanza, kisha kiwiko. Akapiga ya kwanza. Akangoja sana. Akapiga ya pili. Nilihesabu mpaka tano nikiwa nimeshika kiti kwa chini, na zilipokwisha vidole vyangu havikutaka kufunguka.

Waliileta karatasi. Manne ndani ya duara jeusi, yamekaribiana. La tano nje kidogo tu, unaweza kulifunika kwa kidole.

"Amepita," afande akasema. Akavuta kitabu chake, akaanza kuandika cheti akinakili namba iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki. Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, mikono nyuma, anaifuata kalamu kwa macho.

"Afande," akasema, "hiyo siyo tatu. Ni nane."

Afande akainamia bunduki, akasugua namba kwa kidole gumba. Akakata alichoandika, akaandika nane, akatia sahihi kando.

"Mzee, wewe una macho!"

Mzee hakucheka. Alisimama pale pale mpaka muhuri ukapigwa, akangoja wino ukauke, ndipo akanyoosha mkono kuchukua cheti chake.