Udongo Mweupe wa Koko

Nilipokuwa na miaka minane, bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko, alinieleza neno ambalo nyumbani kwetu halikutajwa. Baba alikuwa katekista. Koko alizaliwa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, na kabla ya kubatizwa alikuwa ameingizwa katika ibada ya imandwa.

Nilidhani imandwa ni miungu wa kale tu. Akanisahihisha huku akimenya viazi. Neno hilo, alisema, linatokana na kubandwa, ambalo kwa lugha ya kwao ni kushikwa na kulemewa. Ni jina la mashujaa waliokufa wanaokuja kumshika mtu, na mtu aliyeshikwa pia huitwa hivyo hivyo. "Siku ile hauombe, mutoto wangu. Unakuwa yeye."

Mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ulipopasuka, kabla hatujakimbia, Koko alitupaka watoto udongo mweupe kwenye paji la uso, kama alivyopakwa yeye siku ya kuingizwa. Akapaka na nguzo ya mlango. Tuliporudi, moto ulikuwa umeganda hatua chache kutoka uzio wetu. Kwa jirani yetu, Mama Furaha, ilibaki ncha ya bati tu juu ya jiwe jeusi.

Tulipokuwa kwenye foleni ya maji, Mama Furaha aliniuliza kwa upole sababu ya kupona kwetu: "Nyumba yenu inabakia juu ya nini?"

Nilijaa fahari. "Koko wangu ni imandwa. Alipaka udongo."

Kesho yake wanawake walimwaga ndoo ya maji ya Koko. Watoto niliocheza nao walimrushia mawe ya mlima, nami nikasimama kati yao. Mama Furaha alikuja kwa Baba, macho makavu. "Katekista, mama yako alisukumia moto kwangu."

Baba alimtafutia Koko nafasi kwenye basi dogo la Rutshuru, ingawa sote tulijua njia ile ilikuwa mikononi mwa waasi. Kabla ya kupanda, Koko aliniuliza kama ni mimi niliyesema. Nikakataa.

Akanishika shavu. "Ata kama ni wewe, haikukuwa uongo."

Basi lilifika bila yeye. Waasi walimshusha kwenye kizuizi, dereva alisema. Hatukupata hata kitambaa chake.

Baadaye nilisoma vitabu vinavyobishana juu ya asili ya neno lile. Sina ugomvi navyo. Wala simhukumu Mama Furaha, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya jiwe, wala Baba, aliyeogopa kupoteza kanisa na majirani. Ila mimi nililitaja neno kwa kujivuna, kisha nikamkana mwenye neno. Koko alisema imandwa wakishamaliza humwachia mtu. Kilichonishika mimi pale kwenye basi hakijaniachia.